Unapobadili Diski ya Kompyuta, Usiisahau Ile ya Zamani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Huduma nyingi za umma hivi sasa zinapatikana kwa njia ya mtandao. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, kijana anayetafuta ajira serikalini na mfanyabiashara anayewasilisha ritani za kodi, wote wanahitaji kompyuta, na wengi wao huifuata katika steshenari za mitaani. Humo ndimo vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya Taifa na vyeti vya shule huskaniwa na kutumwa. Mara nyingi nakala zake hubaki ndani ya kompyuta hiyo muda mrefu baada ya mteja kuondoka.

Kompyuta hizo zinapoanza kuwa nzito, mafundi wengi hushauri diski ibadilishwe badala ya kununua mashine mpya. Ushauri huo una msingi. Diski za zamani zina sahani za sumaku zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea ambacho hulazimika kusogea huku na huko kutafuta kila faili. Diski za kisasa aina ya SSD hazina kifaa chochote kinachozunguka, hivyo kompyuta huwaka na kufungua programu kwa haraka zaidi.

Hata hivyo, kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuuhamisha mfumo endeshi ukiwa salama; ya pili ni kuamua hatima ya diski iliyotolewa. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayogusa haki za watu wengine.

Kwa nini kunakili mafaili hakutoshi

Baadhi ya watumiaji hudhani kuwa wakinakili mafaili yote kutoka diski moja kwenda nyingine, mfumo utakuwa umehama. Sivyo. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyomo kwenye bodi kuu huanza kwa kutafuta sehemu maalumu ya diski yenye maelekezo ya kuuamsha mfumo. Sehemu hiyo haionekani katika orodha ya kawaida ya mafaili. Aidha, mafaili mengi ya mfumo huwa yanatumika wakati kompyuta imewaka, hivyo hayakubali kunakiliwa kwa njia ya kawaida.

Kwa sababu hiyo, inahitajika programu inayonakili diski nzima pamoja na sehemu zake zilizofichika. Mojawapo ni Clonezilla, inayopatikana bila malipo na kuwashwa kutoka kwenye flashi. Baadhi ya watengenezaji wa diski nao hutoa programu za aina hiyo kwa wateja wao.

Kabla ya kuanza

Kwanza, hakikisha diski mpya inaingia katika kompyuta yako. Zipo SSD za umbo la inchi 2.5, na zipo nyembamba za M.2 zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Hizi mbili hazibadilishani nafasi.

Pili, angalia ukubwa. Diski iliyoandikwa GB 500 huonekana katika Windows kuwa na takribani GB 465. Haijapunjwa, mtengenezaji na mfumo hutumia vipimo tofauti. Ni vyema diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, kwani programu nyingine, ikiwemo Clonezilla katika mpangilio wake wa kawaida, hukataa kunakili kwenda kwenye diski ndogo.

Tatu, weka nakala ya akiba ya mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Iwapo diski ya zamani inatoa sauti ya kugonga au kompyuta inakwama mara kwa mara, okoa mafaili kwanza kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa kazi ya kunakili diski nzima inaweza kuimaliza kabisa.

Nne, chunguza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48 na uuandike pembeni. Bila ufunguo huo, mabadiliko ya vifaa yanaweza kukuacha nje ya mafaili yako mwenyewe.

Wakati wa kuhamisha

Diski mpya huunganishwa na kompyuta kwa kebo maalumu ya USB. Programu itauliza diski ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea. Hapa soma mara mbili kabla ya kubofya, kwani kila kilichomo katika diski ya kupokea kitafutwa. Atakayezibadilisha kwa bahati mbaya ataandika utupu juu ya kazi yake ya miaka mingi.

Kompyuta iwe kwenye umeme wa uhakika tangu mwanzo hadi mwisho. Kunakili GB 200 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu saa, na kwa tundu la zamani la USB muda huo huongezeka mara kadhaa. Umeme ukikatika katikati, diski mpya haitafaa hadi kazi irudiwe.

Baada ya kumaliza, zima kompyuta, toa diski ya zamani, weka mpya, kisha uwashe ukiwa na diski mpya peke yake. Diski mbili zilizo nakala moja zinaweza kuichanganya kompyuta kuhusu ipi itumike. Mfumo usipoamka, tatizo mara nyingi lipo katika mpangilio wa kuwashia, ambao fundi anaweza kuurekebisha.

Izingatiwe pia kuwa kuhamisha mfumo si kuuboresha. Virusi vilivyokuwemo vitahamia navyo. Vilevile, anayehamisha Windows 10 atabaki na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Kwa kompyuta yenye virusi, ni bora kuweka mfumo mpya kuanzia mwanzo na kurejesha mafaili pekee baada ya kuyakagua.

Diski ya zamani bado ina kila kitu

Kunakili hakupunguzi chochote katika diski ya zamani. Itunze kwa wiki mbili au tatu hadi uridhike kuwa diski mpya inafanya kazi ipasavyo. Baada ya hapo ndipo ifutwe, na kufuta huko si kubofya neno "futa" wala kufanya fomati ya haraka. Njia hizo huondoa orodha ya mafaili tu. Yaliyoandikwa hubaki, na programu za kawaida za kurejesha mafaili huweza kuyafufua.

Watafiti wa nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walilithibitisha jambo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003. Walinunua diski 158 zilizokwishatumika. Kati ya 129 walizofanikiwa kuzisoma, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta maelfu ya namba za kadi za benki pamoja na kumbukumbu za matibabu.

Njia sahihi kwa diski ya sahani ni kuandika sifuri juu ya eneo lake lote kwa programu ya kufutia. Kwa SSD, itumike amri maalumu ya kufuta inayotolewa na mtengenezaji, kwa kuwa diski hizo hugawa maandishi katika maeneo ambayo programu ya kawaida haiyafikii. Diski iliyokufa, ambayo haiwezi tena kufutwa, itobolewe au ivunjwe sahani zake. Kwa hali yoyote, isiachwe kwa fundi kama sehemu ya malipo kabla ya kufutwa.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi kuzilinda zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Usimamizi wake upo chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa watumishi wa umma, vifaa vya ofisi visifunguliwe wala kuondolewa bila kupitia kitengo cha TEHAMA cha taasisi husika.

Mteja aliyeacha nakala ya cheti chake steshenari hatakuwepo siku diski itakapotolewa, wala hataulizwa ilikopelekwa. Aliye na uwezo wa kumlinda siku hiyo ni mwenye kompyuta. Mwananchi naye anayo haki ya kuomba mafaili yake yafutwe mbele yake kabla hajaondoka.