Pakiti moja ya ORS, maji kiasi gani?

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 11 aliyekuwa akiharisha kwa siku ya pili. ORS alikuwa ameshampa, tena kwa bidii, lakini mtoto alizidi kuwa na kiu na alilia bila machozi. Nikamuuliza aliichanganyaje.

“Pakiti ya lita moja niliitia kwenye nusu lita, dokta. Nilitaka iwe kali, apone haraka.”

Simlaumu. Dawa nyingi tumezoea kuzisifu kwa ukali wake.

Ukinyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, baada ya muda bakuli linatota maji ambayo hukuyamwaga wewe. Yametoka ndani ya kitunguu. Maji hupenya utando wa seli kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda wenye chumvi nyingi. Wanakemia huita osmosisi. Utumbo wa mtoto nao uko hivyo. Mmumunyo ukiwa mkali kuliko damu, huvuta maji ya mwili kuingia kwenye utumbo. Kuharisha kunaongezeka, sodiamu inapanda kwenye damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza ukali wa ORS kutoka miliosmoli 311 kwa lita hadi 245, chini kidogo ya ule wa damu. Ukitumia nusu ya maji, unaupandisha hadi 490.

Basi kwa nini tusimpe maji matupu? Kwa sababu hayarudishi chumvi aliyopoteza. Sukari nayo haikuwekwa kwa ajili ya utamu: kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi huupita pamoja, na maji hufuata nyuma. Soda haifai, sukari yake ni nyingi mno na chumvi karibu hakuna.

Soma pakiti kwanza, maana zipo za lita moja na za nusu lita. Tumia maji safi na salama, pima kwa chupa unayojua ujazo wake, mpe kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole. Endelea kumnyonyesha, na ulizia vidonge vya zinki. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage.

Macho yakibonyea, akilegea, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, usisubiri asubuhi. Mlete.