Sauti ya Kadutu hupita njia gani

Simu nyingi utakazoziona mikononi mwa akina mama wanaouza samaki wadogo wa sambaza na fretini katika soko la Kadutu, komine ya mji wa Bukavu, ni zile ndogo za vitufe, zenye tochi kichwani na betri inayovumilia siku mbili tatu. Mwenye mradi anayetoka mbali akiziona, wazo lake la kwanza ni kuwaletea simu kubwa. Mimi ningemsihi aitazame kwanza hiyo simu ndogo inavyofanya kazi. Inatuma na kupokea pesa kwa namba za nyota na reli, bila intaneti. Nyingi kati yake zinashika redio ya FM bila kula uniti hata moja. Umeme ukikatika tangu asubuhi, jambo ambalo Bukavu halimshangazi mtu, simu hiyo bado ina chaji jioni, wakati mwenye simu kubwa amekwisha kuipeleka kwenye kibanda cha kuchajisha na analipia.

Gharama hizi ndogondogo ndizo zinazoamua nani anasema na nani ananyamaza. Septemba 2020 serikali ya Kongo ilianzisha tozo iliyoitwa RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za intaneti, ikikatwa moja kwa moja kwenye uniti za mwenye simu. Mama aliyenunua uniti ili ampigie muuzaji wa jumla alikuta zimepungua kabla hajasema neno. Wananchi na wabunge walipiga kelele mpaka tozo hiyo ikafutwa mwaka 2022. Wataalamu wengi wa teknolojia ya maendeleo hawaitaji RAM kabisa wanapoeleza kazi yao, nami naona hilo ni kosa. Kufutwa kwa tozo ile kuliwafaa maskini wengi zaidi kuliko warsha nyingi za kompyuta.

Hata hivyo zipo warsha zilizozaa matunda, na moja ilizaliwa hapa hapa Bukavu. Neema Namadamu alizaliwa katika nyanda za juu za Itombwe, akapata polio akiwa na miaka 2, na mama yake alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka shule. Mwaka 2012 alifungua mjini kituo cha akina mama walioitwa Maman Shujaa, ambako wanawake walijifunza kutumia kompyuta na kuandika habari za maisha yao kwenye mtandao wa wanawake wa World Pulse. Novemba mwaka huo waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Akina mama wale wakaandika ombi kwa serikali ya Marekani kupitia Change.org, wakidai mjumbe maalumu wa amani na nafasi ya wanawake katika mazungumzo. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini. Juni 2013 Marekani ilimteua Russ Feingold kuwa mjumbe wake maalumu kwa eneo la Maziwa Makuu. Wengine pia walikuwa wakidai jambo hilo hilo, kwa hiyo sidai kwamba ombi lile peke yake ndilo lililomleta. Lakini wanawake ambao jana walikuwa hawajawahi kushika kipanya cha kompyuta walisikika Washington kwa maneno yao wenyewe, bila mtu wa kuwasemea.

Tuangalie ilivyowezekana. Walikuwa na mahali pa kukaa pamoja, kwa hiyo asiyejua kuandika alikuwa na jirani wa kumwandikia. Upande wa pili palikuwa na watu wanaosubiri kusoma. Na dai lao lilikuwa moja, lenye jina la ofisi inayoweza kulitimiza. Kimojawapo kati ya hivyo kikikosekana, kompyuta hubaki samani.

Ila Washington ni mbali. Mama wa Nyamugo au wa Cimpunda, mitaa ya Kadutu, ambaye bomba lake halitoi maji anamhitaji mtu wa kampuni ya maji Regideso, shefu wa avenyu na mkuu wa komine. Hao hawasomi tovuti za wanawake wa dunia. Wanasikiliza redio. Hapo ndipo kazi ya AFEM, chama cha wanawake waandishi wa habari wa Kivu Kusini kilichoanzishwa mwaka 2003, inanipa moyo zaidi kuliko jambo lolote. Chouchou Namegabe, mmoja wa waanzilishi wake, alijifunzia kazi katika Radio Maendeleo, redio ya jamii iliyopo Bukavu tangu 1993. Yeye na wenzake walibeba vinasa sauti wakaenda kwa wanawake waliobakwa vitani, wakaomba idhini yao, wakazileta sauti hizo hewani. Mei 2009 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani. Sauti ilifika mbali, lakini kwanza ilikuwa imesikika nyumbani, katika lugha ambazo jirani anazielewa.

Ukiunganisha redio na simu unapata chombo chenye nguvu sana. Kikundi cha akina mama kinasikiliza kipindi pamoja, mmoja anarekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili au Kimashi, mwenye simu kubwa anautuma studio, na mtangazaji anamwalika afisa husika aujibu hewani, watu wa mtaa wake wakisikia. Asiyejua kusoma hapungukiwi na kitu. Mega za intaneti zinazotumika ni chache. Na afisa aliyeahidi hadharani ni vigumu kukana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wafundishaji hulipitia haraka. Bukavu ni mji ambako Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, aliuawa tarehe 13 Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008. Anayemwambia mama wa Kadutu "sema, dunia ikusikie" lazima amweleze pia kinachobaki nyuma akishasema. Kadutu nyumba zimebanana. Sauti hutambulika hata jina likifichwa, kwa hiyo ushuhuda mzito usomwe na mtu mwingine. Ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa SMS, kampuni ya simu inaweza kuusoma. WhatsApp huufunga ujumbe njiani, lakini haimzuii mume, mtoto au askari anayeishika simu yenyewe. Picha nayo inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa: ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa, ukiituma kama faili, zinakwenda nayo. Somo hili halichukui hata nusu saa, na linapaswa kutangulia somo la kufungua akaunti.

Njia yenyewe pia inaweza kufungwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti na SMS zilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Na M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango. Pesa za kwenye simu zikawa tegemeo la familia nyingi, na aliyetaka noti mkononi alikatwa kamisheni kubwa. Kwa hiyo kikundi chochote kinachotegemea kundi moja la WhatsApp kimejiweka hatarini. Namba ziandikwe pia kwenye daftari, na pawe na mtu anayejulikana wa kupeleka habari kwa miguu.

Kama ningepewa fedha za mradi mmoja tu kwa Kadutu, ningeziweka kwenye kujikinga na moto. Nyumba za mbao za Nyamugo na Nkafu huungua mara kwa mara, na gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye vichochoro vile. Picha za moto husambaa kwenye simu kwa dakika chache, zikafika mpaka Ulaya kwa ndugu zetu, na kuta zinaendelea kuanguka. Kinachohitajika ni orodha kwa kila avenyu: nani ana namba ya zimamoto, nani anakata umeme, maji ya karibu yako wapi, nani anawapigia akina mama wenye simu za vitufe wawatoe watoto na wazee. Majaribio ya orodha hiyo yafanyike kiangazi, na kila wiki redio isome hewani avenyu zipi zimekwisha kujipanga na zipi bado.