Zege Kwenye Nchi ya Baridi

Ukimwambia mtu wa Igurwa, huku Karagwe, kwamba kibarua wa ujenzi anaweza kuzidiwa na joto, atadhani unazungumzia Dar es Salaam au Dubai. Karagwe na jirani yake Kyerwa, mkoani Kagera, ni nchi ya vilima, na watu huamka na makoti. Lakini ubaridi huo unatudanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya joto linalomwangusha mfanyakazi huzalishwa na mwili wake mwenyewe. Katika nguvu zote ambazo misuli hutumia, takriban robo tu ndiyo huenda kwenye kazi. Zilizobaki hugeuka joto, na mwili hauna budi kulitoa kwa jasho.

Tazama siku ya kumwaga jamvi. Zege halisubiri: likiachwa nusu likakauka, mshono wake hubaki dhaifu, kwa hiyo ndoo hazikatiki hata jua la saa saba likiwa utosini. Malipo nayo ni ya kipande, hivyo anayepumzika anaonekana anawachelewesha wenzake. Upepo wa vilimani hukausha jasho upesi, na mtu hajui amepoteza maji kiasi gani. Jioni kichwa kinamgonga, misuli inakaza, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Huku kwetu dalili za namna hiyo huitwa malaria hata kabla ya kupima, basi anameza dawa na kesho yake anarudi kwenye ndoo.

Wapo wanaosema wazee walifanya kazi ngumu hivyo hivyo na hawakufa. Ni kweli, ila mkulima hujipangia saa: huanza alfajiri, na jua likikaza huingia chini ya migomba. Saidia fundi hana uamuzi huo. Hatari huzidi akihama. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inaeleza kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo kijana aliyeshuka kutoka Kayanga, mji wa Karagwe, kwenda kujenga Dar es Salaam au Muscat anapaswa kuanza na sehemu ya tano ya kazi, kisha aongezewe kidogo kidogo kila siku.

Mkandarasi atauliza nani atalipia muda huo. Huko El Salvador, wakata miwa walipopewa maji, kivuli na mapumziko ya kupangwa, pamoja na panga bora, mavuno ya mtu mmoja kwa siku yalipanda kutoka tani 5.1 hadi 7.3. Panga lilichangia, sikatai, lakini mapumziko hayakupunguza kazi.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) upo kuisimamia. Ila nyumba nyingi vijijini hujengwa na fundi na vibarua wake, mbali na macho ya mkaguzi, kwa hiyo mzigo unamwangukia mwenye nyumba. Anaponunua saruji, anunue na turubai la kivuli, aweke pipa la maji safi pale pale penye zege, na akubaliane na fundi kwamba wabeba ndoo watapokezana kwa zamu. Kibarua akianza kuropoka au kupepesuka, asiachwe alale apumzike tu: avuliwe shati, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa hapo hapo, huku usafiri wa kumpeleka hospitali ukitafutwa.