Umepasuliwa Ngiri? Baiskeli Bado Ni Yako

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, unakaa Mkonze, na baiskeli ndiyo miguu yako. Asubuhi inakupeleka shule, jioni inabeba maji, Jumamosi inabeba mahindi kwenda mashineni. Kwa mwaka mzima umekuwa na kauvimbe kwenye kinena, upande wa kulia. Ukikohoa kanatokea, ukilala kanarudi ndani. Ukaficha, ukaficha, mpaka siku mama alipokuona umejishika pale wakati unashuka kwenye baiskeli. Ukapelekwa hospitali, daktari akasema ni ngiri, ukapasuliwa. Sasa uko nyumbani na bandeji, baiskeli imeegemea ukuta, na kila anayekuja kukupa pole ana lake. Babu anasema usiiguse tena maisha yako yote, maana ndiyo iliyokuletea maradhi. Washikaji wanasema acha kudeka, wiki ijayo kuna mechi.

Wote wamekosea. Babu amekosea kwa sababu anakupenda, na washikaji wamekosea kwa sababu hawajaona kilichoko chini ya bandeji. Tuangalie basi.

Ngiri ni kitu gani hasa?

Mtaani neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa. Kiuno kikiuma ni ngiri, tumbo likinguruma ni ngiri, mtu akipungukiwa nguvu za kiume ni ngiri. Ndiyo maana pale mnadani utamkuta muuza dawa mwenye chupa moja inayotibu yote hayo. Hospitalini maana ni moja tu: ukuta wa tumbo una mahali palipo dhaifu au palipo wazi, na utumbo au mafuta ya ndani yanasukumwa kupita hapo.

Kwa wavulana mlango huo una historia yake. Kabla hujazaliwa, korodani zako zilikuwa ndani ya tumbo. Baadaye ziliteremka kupitia njia ndogo kwenye kinena. Zikishapita, njia hiyo inatakiwa izibe. Kwa wengine haizibi vizuri, na inaweza kupita miaka kumi na tano bila mtu kujua, mpaka siku utumbo unapochungulia. Kwa hiyo kijana mwenzangu, huenda ulizaliwa na njia hiyo kabla hujajua baiskeli ni nini. Kukohoa sana, kusukuma choo kigumu na kunyanyua mizigo mizito kunaweza kuufanya uvimbe ujitokeze, lakini kupiga pedali kwenye barabara nzuri si kosa la jinai. Na ninyi akina dada msifunge ukurasa: wasichana hupata ngiri pia, ingawa ni wachache zaidi.

Usichanganye na busha. Busha ni maji yanayojaa kuzunguka korodani. Hilo nalo linatibiwa hospitali, lakini ni jambo jingine.

Ngiri ya kinena haiponi kwa kunywa dawa, kupaka mafuta wala kuchanjwa chale. Mlango uliofunguka hauzibwi na majani. Tatizo letu kubwa ni aibu. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa wao 452 wa ngiri ya kinena, na wengi walikuwa wamekaa nayo zaidi ya miaka 5 kabla ya kufika. Wapo waliofika utumbo ukiwa umeshabanwa. Hiyo ndiyo ngiri inayoua: uvimbe unakuwa mgumu, unauma, haurudi ndani hata ukilala, unatapika, hupati choo wala hewa. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Utumbo uliokosa damu unaweza kufa kwa saa chache tu. Dodoma wapo madaktari wanaopasua: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kule Mvumi.

Chini ya bandeji

Ili ujue lini utapanda baiskeli, ni lazima ujue ulifanyiwa nini, kwa sababu ngiri hazifungwi kwa njia moja. Kwa watoto na vijana wadogo, mara nyingi daktari huufunga tu kile kijifuko kilichobaki wazi, na misuli haiguswi sana. Hao hupona upesi. Kwa waliokomaa, ukuta wenyewe huimarishwa. Njia ya zamani, aliyoanzisha daktari wa Italia Edoardo Bassini katika miaka ya 1880, ni kuvuta misuli na kuishona pamoja kwa nyuzi. Inafanya kazi, lakini nyama iliyovutwa inakaza, na maumivu huchukua muda zaidi kuisha. Njia nyingine ni kuweka wavu mwembamba juu ya sehemu dhaifu, bila kuvuta misuli. Daktari Irving Lichtenstein wa Marekani na wenzake waliieneza njia hii katika miaka ya 1980.

Wavu wa kununua madukani ulikuwa ghali kwa hospitali zetu. Hapo majirani zetu Waganda walihusika katika jambo la kusisimua. Katika hospitali ya misheni ya Kamuli, mashariki mwa Uganda, wanaume 302 walipasuliwa ngiri. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, na nusu wavu wa bei nafuu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa chandarua, na hakuna hata mmoja wa ule wa ghali. Tofauti ni ndogo mno. (Ni kitambaa kilichosafishwa kuua vijidudu, tafadhali. Chandarua cha kitandani kwako kiache kifanye kazi yake.)

Hivyo basi kabla hujatoka wodini uliza maswali mawili: "Daktari, nimewekewa wavu au nyuzi tu? Na nisinyanyue vitu vizito mpaka lini?" Usione haya, ni haki yako. Mwombe pia akuandikie karatasi ya kumpa mwalimu, kwa sababu mwalimu wa zamu hawezi kuona kidonda kilichofichwa na kaptula, na mchakamchaka wa asubuhi haumsubiri mtu.

Kwa nini kusubiri, kama wavu au nyuzi zinashika? Kwa sababu nyama yenyewe inajijenga polepole. Kovu la ngozi la wiki 3 lina takriban sehemu moja tu ya tano ya nguvu ya ngozi nzima. Likifika miezi 3 linakuwa na karibu asilimia 80, na haliendi mbali zaidi ya hapo. Katika kipindi cha mwanzo kazi ya kushikilia inafanywa na nyuzi na wavu. Vinaimudu kazi ya kawaida vizuri tu, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa ngiri wa mwaka 2018 unasema mgonjwa arudie shughuli zake mara tu anapojisikia vizuri, bila kufungiwa ndani wiki nyingi. Hata hivyo madaktari wengi bado watakuambia uache mizigo mizito kwa wiki 4 hadi 6, hasa kama ulishonwa bila wavu. Mfuate aliyekupasua, yeye ndiye aliyeona hali ya misuli yako.

Kurudi barabarani

Siku ileile au kesho yake utaamshwa utembee. Utaona kama unaonewa, lakini kutembea kunazuia damu kuganda miguuni na kunaamsha tumbo. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana kidonda kwa kiganja au mto. Kunywa maji mengi, kula mlenda, mchicha na matunda, kwa maana choo kigumu katika wiki ya kwanza ni adui kuliko baiskeli. Baadhi ya dawa za maumivu zenyewe hufunga choo. Kila siku ongeza mwendo kidogo: leo mpaka kwa jirani, kesho mpaka dukani.

Baiskeli usiihesabie kwa kalenda tu. Jipime. Je, unaweza kuchuchumaa na kuinuka? Kukohoa kwa nguvu bila kujishika? Kuinua mguu juu ya kiti na kuurudisha? Kusimama ghafla, kama umeona mbuzi anakatiza? Kidonda kimekauka, na korodani hazijavimba tena? Kama bado unakunja uso, baiskeli iendelee kupumzika. Wengi waliopasuliwa bila matatizo huanza kuendesha taratibu kati ya wiki ya pili na ya nne, wengine baadaye, na hakuna zawadi kwa anayewahi.

Siku ya kwanza usiidandie kwa kukimbia nayo kama tulivyozoea. Phoenix ina uzito wa karibu kilo 20 na chuma chake cha juu kinakulazimisha kurusha mguu. Ilaze upande, vusha mguu polepole, au azima ya dada yenye fremu ya chini, wala usijali watakaocheka. Kiti kisiwe juu mno. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo, la sivyo nyonga zitayumba huku na huku na kinena kitavutwa kila mzunguko. Dakika kumi zinatosha, kwenye njia ngumu iliyo tambarare. Njia zetu za mchanga ziache kwanza. Kwenye mchanga unasimama juu ya pedali na kukamua kwa tumbo lote. Na miiba ya huku mnaijua: pancha moja tu, umeishia kuibeba baiskeli begani.

Sasa nikuambie linalonisumbua zaidi. Hatari kubwa kwako haiko kwenye pedali, iko kwenye keria. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Madumu mawili ni 40, na mtu anayanyanyua kutoka chini, anajipinda, anabana pumzi, anayafunga na mpira. Hapo tumbo linasukuma ukuta wake kwa nguvu kuliko kilomita nyingi za kuendesha mtupu. Najua nyumbani maji lazima yapatikane. Zungumza na mama mapema, kabla ya siku ya upasuaji: nani atachota? Kaka, binamu, au ubebe lita 5 kwa safari nyingi pale daktari atakaporuhusu. Nimeona familia zikipanga hili vizuri kabisa zikiambiwa sababu. Zisipoambiwa, mtoto anaonekana mvivu.

Michezo mingine ifuate baadaye: mbio za taratibu, halafu mpira bila kukabana, halafu mechi yenyewe. Push-up na kunyanyua vyuma viwe vya mwisho, hata vile vya makopo na saruji mnavyojitengenezea uani. Ukianza, toa pumzi wakati wa kunyanyua, usiibane.

Ukipapasa kovu utakuta kitu kigumu kama kamba chini yake, na ngozi ya pembeni ina ganzi. Ni kawaida, kamba hiyo hulainika wiki zinavyokwenda. Kisicho cha kawaida ni homa, usaha, wekundu unaotanuka, kushindwa kukojoa, korodani iliyovimba na kuuma sana, au uvimbe unaotokea ukikohoa na kupotea ukilala. Hapo rudi hospitali, tena usiende kwa baiskeli, mtu akupeleke.

Na kuhusu lile swali ambalo wavulana huniuliza kwa kunong'ona baada ya somo, wenzao wakishatoka: hapana, kupasuliwa ngiri hakukuondolei uanaume. Mrija wa mbegu unapita jirani na hapo na daktari huulinda, ni nadra kuumia. Mwenye wasiwasi amuulize daktari kabla ya kupasuliwa, amjibu akiwa ameketi.

Halafu kabla ya kupanda tena, kagua breki. Baiskeli iliyoegemea ukuta mwezi mzima inahitaji oili kwenye cheni na upepo kwenye magurudumu.