Karanga Katika Njia ya Pumzi ya Mtoto

Mtoto wako anakula karanga huku akicheka. Mara anapaliwa, anakohoa kwa nguvu, machozi yanamtoka. Baada ya dakika chache kikohozi kinatulia, naye anarudi kucheza. Wewe wasema, "Amepaliwa tu, imekwisha." Je, imekwisha kweli? Sikuzote sivyo.

Katika koo mna njia mbili. Ya nyuma ni njia ya chakula, huenda tumboni. Ya mbele ni njia ya pumzi, huenda mapafuni. Juu ya njia ya pumzi kuna kifuniko kidogo ambacho huifunga tunapomeza. Lakini mtoto akicheka, akilia au akikimbia huku anakula, huvuta pumzi ghafula, na punje huingia mahali pasipo pake. Tena mtoto mdogo hana magego ya kusaga karanga vizuri.

Zamani wengi walikufa kwa jambo hili. Mwaka 1897 mganga Gustav Killian, huko Freiburg katika Ujerumani, alipitisha bomba kinywani mwa mkulima mmoja, akatoa mfupa uliokwama ndani ya njia yake ya pumzi. Hakumpasua kifua. Baada yake akaja Chevalier Jackson wa Marekani (1865–1958). Yeye alitumia bomba jembamba lenye taa ndogo mwishoni, akawatolea watu, wengi wao watoto, vitu zaidi ya 2,000: pini, vifungo, sarafu, mifupa na mbegu. Hakuvitupa. Alivitunza na kuandika habari zake, na hata leo vimewekwa katika makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia.

Kwa kazi hiyo waganga walijifunza mambo matatu. Kwanza, baada ya kupaliwa huja kipindi cha kimya. Mtoto huonekana mzima kwa saa, kwa siku, pengine kwa majuma, na kumbe punje ingali ndani. Pili, karanga yaweza kudhuru kuliko kipande cha chuma, kwa kuwa huvimba, na mafuta yake huwasha mapafu. Tatu, si kila kifua kinachopiga mluzi kina pumu.

Kisha kikohozi hurudi, pamoja na homa na kichomi. Mtoto hupewa dawa, hupata nafuu, huugua tena. Sasa jamaa huanza kunong'ona. Mmoja asema ni sumu ya jirani. Mwingine ataka kwenda kwa mfumu. Mwingine asema akatwe kilimi. Kilimi hakina kosa, wala jirani hana. Usimchukie mtu kwa sababu ya karanga. Na kumkata kilimi kwaweza kumtia mtoto katika hatari ya kutokwa na damu nyingi.

Basi, ufanye nini?

1. Akiweza kukohoa kwa sauti, mwache akohoe. Usimpe maji wala tonge la bugali. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, usije ukakisukuma ndani zaidi.

2. Akishindwa kukohoa, kulia au kusema, usingoje. Mwinamishe mbele, umpige mara 5 kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, usukume ndani na juu mara 5. Rudia hivyo kwa zamu mpaka itoke.

3. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 usimsukume tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua mara 5.

4. Akitulia, mpeleke hospitali hata hivyo, ukikaa Baraka kando ya ziwa au Fizi mlimani. Mwambie mganga waziwazi: "Alipaliwa na karanga siku fulani." Usilisahau neno hili, hata likiwa la mwezi uliopita. Picha ya kifua mara nyingi haionyeshi karanga, lakini neno la mama huionyesha. Mganga akiona haja, atamtuma mahali penye chombo cha kuitoa.

Lakini kuzuia ni bora kuliko kutoa. Mtoto wa chini ya miaka 4 usimpe karanga nzima wala mahindi ya kukaanga. Twanga karanga, uzitie katika uji au mboga. Samaki mtoe miiba kwanza. Mtoto na ale akiwa ameketi, wala asichekeshwe akiwa na chakula kinywani. Vifungo, shanga na sarafu viwekwe mbali naye.

Mama, baba, nawe dada unayelea wadogo zako, kumbukeni: mtoto aliyepaliwa kisha akanyamaza hajapona mpaka apimwe.