Jioni moja Lisbon: Jiji unaloweza kulisoma kwa Kiswahili

UKIJIPATA Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na una jioni moja tu, achana na basi la watalii. Vaa raba, beba chupa ya maji, uanze kutembea. Mwezi Juni jua huzama mwendo wa saa tatu usiku, kwa hivyo ukitoka saa kumi na moja jioni una muda tele. Safari yenyewe ni kama kilomita 2 tu.

Anzia uwanja wa Rossio, uliosakafiwa vijiwe vyeusi na vyeupe mfano wa mawimbi. Kando yake kuna kanisa la São Domingos, ambalo kuta zake bado zina makovu ya moto wa 1959. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Ndiyo, neno hilo ndilo lililotupa “gereza”! Nje kuna mnara wa kuwakumbuka Wayahudi waliouawa 1506, na hapo hapo Waafrika, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, hukutana kupiga stori.

Kisha shuka na barabara ya Rua Augusta. Mtaa huu wote ulijengwa upya baada ya Novemba 1, 1755, siku ambayo tetemeko la ardhi, tsunami na moto viliangamiza sehemu kubwa ya jiji.

Barabara inaishia kwenye tao kubwa linaloelekea mto Tagus. Mojawapo ya sanamu zake ni ya Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi 1498. Hapa yeye ni shujaa. Lakini mwaka wa 1505, meli za kivita za Ureno zilikuja zikaiteketeza Mombasa. Tao halisemi hayo, ila wewe Mkenya unayajua. Simama kidogo, ulitazame na macho yako mwenyewe.

Malizia kwa kupanda mlima hadi Alfama, mtaa mkongwe wenye jina la asili ya Kiarabu. Pale Santa Luzia, vigae vya ukutani vinaonyesha uwanja ule wa mtoni ulivyokuwa kabla ya tetemeko.

Ukichoka, tafuta mkahawa, uketi kwenye mesa, utazame bandeira ikipepea huku jirani akinywa vinho. Meza, bendera, mvinyo: waliyaleta wao, sasa ni yetu.

Ukirudi usiku, teremka pole pole. Vijiwe hivyo vinateleza kweli kweli.