Umri wa Makaa ya Juani: Hali ya Nyutroni Ndani ya Kiini

Wachunguzi wa chimbuko la Kiswahili hutegemea sana tarehe zitolewazo na wachimbuaji wa mambo ya kale; lakini ni nadra kuulizwa tarehe hizo zimepatikanaje, na zina nguvu kiasi gani. Visiwa vya Mafia ni mahali pafaapo kwa swali hilo. Neville Chittick, aliyechimbua mji wa Kisimani Mafia na kuchapisha taarifa yake mwaka 1961, alikadiria umri wa mji huo kwa kutazama vyombo vya udongo na sarafu. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala ya mwaka 1999, alieleza kwamba watu wa Zama za Awali za Chuma walikwisha kukaa Mafia. Baadaye yeye, na kisha wachunguzi wengine, walichimbua Pango la Ukunju katika kisiwa cha Juani. Juu ya ukale wa tabaka za chini za pango hilo wataalamu hawakuafikiana. Katika mjadala wa namna hiyo hoja hurudi kwenye makaa na mbegu zilizoungua, yaani kwenye kaboni.

Njia ya kupima umri kwa kaboni ilitangazwa na Willard Libby na wenzake wa Chicago mwaka 1949, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Msingi wake ni huu. Juu angani, nyutroni zinazotokana na mionzi ya mbali hugonga viini vya nitrojeni na kuvigeuza kuwa kaboni 14, yenye protoni 6 na nyutroni 8. Kaboni hiyo ni haba mno, kiasi cha atomu moja katika kila atomu bilioni elfu za kaboni. Mti huipokea kwa hewa maadamu u hai. Ukifa, haupokei tena, na ile iliyomo hupungua. Katika kila miaka 5,730 hubaki nusu yake. Kuni iliyokatwa miaka 1,500 iliyopita imebakiwa na sehemu kama 83 katika 100.

Sasa yafaa kuuliza kwa nini kaboni hii inadumu hivyo. Nyutroni iliyo peke yake haidumu: kwa wastani, baada ya kiasi cha robo saa hugeuka kuwa protoni, ikatoa elektroni na chembe nyingine nyepesi sana. Lakini nyutroni iliyomo katika kiini cha kaboni ya kawaida haigeuki kamwe, kwa sababu nishati iliyomo haitoshi kumpatia nafasi protoni mpya. Kumbe tabia ya nukleoni, jina linalokusanya protoni na nyutroni pamoja, hutegemea mahali ilipo. Na mahali penyewe ni pa msongamano mkubwa mno: sentimita moja ya ujazo ya mada ya kiini, kama ingepatikana, ingekuwa na uzito wa zaidi ya tani milioni 200.

Kwa wanafunzi wa lugha mfano uko karibu. Sauti l ya ulimi, ikitanguliwa na n katika wingi, husikika kama d, nasi husema ndimi. Vivyo hivyo -refu huwa ndefu. Hakuna sauti ngeni iliyoingia kutoka nje. Ni ile ile iliyobadilishwa na jirani yake. Mwaka 1983 wanafizikia waliofanya kazi CERN, Ulaya, walionyesha jambo linalofanana na hilo. Walilinganisha kiini cha chuma na kiini chepesi cha deuteri, wakaona kwamba kwaki, yaani chembe zilizomo ndani ya nukleoni, hazigawani mwendo kwa namna moja katika viini hivyo viwili. Tofauti ilikuwa ya sehemu kadhaa katika mia. Sababu yake ingali inajadiliwa; mfano wa ndimi, basi, unatuonyesha njia tu, wala si uthibitisho.

Kaboni 14 ni fumbo la jamii hiyo hiyo. Heliamu 6, ambayo hugeuka kwa kanuni zile zile, hupungua nusu kwa muda usiotimia sekunde moja. Hata tofauti ya nishati ikihesabiwa, kaboni 14 bado inakawia kupita kiasi. Gerald Brown na Mannque Rho walipendekeza mwaka 1991 kwamba baadhi ya mesoni, chembe zichukuazo kani baina ya nukleoni, hupungua uzito zikiwa katika mada iliyosongamana. Mwaka 2008 Brown na wenzake walitumia wazo hilo kwa kaboni 14: sehemu moja ya kani hudhoofika, athari zinazopingana zikakaribia kufutana, na mgeuko ukacheleweshwa. Mwaka 2011 kundi jingine lilifika karibu na matokeo hayo kwa kuhesabu kani itendayo kazi baina ya nukleoni tatu kwa pamoja. Njia ni mbili, lakini zinaafikiana katika jambo moja: nukleoni zikihesabiwa mbili mbili, kana kwamba hazina majirani, umri wa kaboni 14 hauelezeki.

Je, tarehe za Juani zinayumba kwa kuwa wanafizikia hawajamaliza hoja zao? Hapana. Ile miaka 5,730 imepimwa maabarani, haikubuniwa kwa nadharia. Mashaka yanatoka kwingine. Kaboni ya hewani haikuwa sawa siku zote, kwa hiyo hapana budi hesabu isahihishwe kwa pete za miti. Kaboni ya baharini ni kongwe kuliko ya nchi kavu, hata ganda la chaza laweza kuonekana limezidi umri wake kwa miaka mia kadhaa. Na mifupa ya wala samaki huwa na kosa hilo hilo. Tena mti mkubwa waweza kuwa wa kale kuliko moto ulioutia makaa.

Lililo kubwa kwa wanalugha ni hili: kipimo hutaja wakati mti ulipokufa, wala hakisemi aliyeuchoma alinena lugha gani. Daraja kutoka makaa hadi maneno hujengwa kwa ulinganishaji wa lahaja na wa vyombo, na kila nguzo ya daraja hilo yataka kupimwa peke yake.